Kiti cha Mwalimu: Wanataaluma na Maprofesa katika Vyuo Vidogo vya Kanisa



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, ofisi za parokia zetu hupata wageni wa aina moja. Ni wazazi, mara nyingi akina mama, wakiwa wameshika vipeperushi vya vyuo mkononi. Hapa Kimandolu jambo hilo halishangazi. Barabara itokayo Arusha mjini kwenda Moshi hupita kwetu, ikaendelea Ngulelo, Tengeru hadi Usa River, na kandokando yake zimo taasisi za elimu za kila namna: za Serikali, za Walutheri, za Waadventista na za watu binafsi. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kupata ada ya mwaka wa kwanza ana haki ya kuuliza. Na swali linalorudi mara nyingi ni hili: "Baba, hicho chuo ni kidogo. Je, kina maprofesa?"

Swali hilo ni zuri, lakini limebeba mengine ndani yake. Profesa ni nani? Ana tofauti gani na mhadhiri au mkufunzi? Je, chuo kikiwa kidogo, elimu yake nayo huwa ndogo? Kanisa linapoanzisha chuo kikuu, linataka nini kwa wale wanaofundisha humo? Makala hii inakusudia kujibu maswali hayo kwa utaratibu, ili wazazi, vijana na viongozi wa jumuiya ndogondogo wawe na msingi wa kuamua na kushauri.

1. Maana ya majina

Neno "profesa" limetokana na Kilatini, nalo kwa asili humaanisha mtu anayekiri au kutangaza jambo hadharani. Kutoka shina hilohilo limetoka neno linalotumika kwa ungamo la imani na kwa nadhiri za watawa. Kwa hiyo, tangu mwanzo, profesa ni mtu anayesimama mbele ya watu na kusema wazi anachokishikilia kuwa kweli, akiwa tayari kuulizwa sababu zake.

"Mwanataaluma" ni jina pana zaidi. Humhusu kila anayefundisha na kutafiti katika elimu ya juu, awe ameanza mwaka huu au amezeekea humo.

"Daktari" ni cheo cha shahada wala si cha kazi. Anayeitwa Dkt. chuoni kwa kawaida amemaliza shahada ya uzamivu, yaani amefanya utafiti mpya, akauandikia tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Mtu anaweza kuwa na uzamivu asiwe profesa. Udaktari wa heshima ni jambo jingine kabisa: ni tuzo ya kutambua mchango wa mtu katika jamii, wala haumfanyi aliyeupokea kuwa mwanataaluma.

Matumizi ya jina profesa hutofautiana nchi na nchi. Nchini Italia hata mwalimu wa sekondari huitwa hivyo. Nchini Marekani, karibu kila mwenye ajira ya kudumu ya kufundisha chuoni huitwa profesa tangu ngazi ya kwanza. Kwetu Tanzania, tuliofuata desturi ya Uingereza, jina hilo limehifadhiwa kwa ngazi mbili za juu tu. Ndiyo maana Mtanzania anayefundisha ughaibuni anaweza kuitwa profesa huko, na akirudi nyumbani akaajiriwa kama mhadhiri, bila kuwa ameshushwa hadhi.

2. Ngazi za wanataaluma Tanzania

Vyuo vikuu vyote nchini, vya umma na vya binafsi, husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Ngazi za kufundishia ni hizi:

Mkufunzi Msaidizi. Ni kijana mwenye shahada ya kwanza aliyefaulu kwa kiwango cha juu. Husaidia kuongoza semina na mazoezi huku akijiandaa kwa masomo ya uzamili.

Mhadhiri Msaidizi. Ana shahada ya uzamili, na huruhusiwa kufundisha kozi za shahada ya kwanza.

Mhadhiri. Kwa kawaida ana shahada ya uzamivu. Hii ndiyo ngazi ambamo mwanataaluma huhesabiwa kuwa amekomaa.

Mhadhiri Mwandamizi. Ni mhadhiri aliyeongeza machapisho ya kitaaluma na uzoefu wa kusimamia wanafunzi wa juu.

Profesa Mshiriki na Profesa. Hawa hupandishwa baada ya maandiko yao kupimwa na wataalamu, wakiwemo wa nje ya chuo chao. Miaka ya kazi peke yake haitoshi.

Juu ya ngazi hizi kuna nyadhifa za uongozi, ambazo si vyeo vya elimu. Mkuu wa Chuo ni kiongozi wa heshima. Mtendaji mkuu ni Makamu Mkuu wa Chuo. Kitivo au skuli huongozwa na Amidi, na ndaki huongozwa na Rasi. Masuala ya kitaaluma huamuliwa na Seneti.

Ikumbukwe pia kwamba si kila taasisi ya elimu ya juu ni chuo kikuu. Vyuo vingi vinavyotoa astashahada na stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Kukosa maprofesa katika chuo cha namna hiyo si kasoro, kwa maana kazi yake ni nyingine.

3. Asili ya kiti cha mwalimu

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa mwaka 2008, na wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji. Jina "kigoda" limechaguliwa vizuri. Katika lugha nyingi cheo cha profesa huitwa kiti. Waamini wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: kanisa kuu la jimbo huitwa kathedrali kwa sababu ndani yake mna kathedra, kiti ambacho Askofu hukikalia anapofundisha. Kiti cha Askofu na kiti cha profesa ni ndugu. Vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya, kama kile cha Paris, vilikua katika mazingira ya shule za makanisa makuu.

Katika shule hizo, kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kusoma teolojia, sheria au tiba, alipitia kwanza kile kilichoitwa sanaa huria. Zilikuwa saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometria, muziki na elimu ya nyota. Ziliitwa huria kwa sababu watu wa kale waliziona kuwa elimu imfaayo mtu huru, asiye mtumwa. Kiswahili kina neno linalokaribiana sana na wazo hilo: uungwana. Muungwana hapo kale alikuwa mtu asiye mtumwa. Baadaye neno likaja kumaanisha mtu mwenye adabu, busara na utu. Tunaweza basi kusema kwamba sanaa huria ni elimu ya kiungwana.

Lakini Injili ililigeuza wazo hilo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Elimu iliyodhaniwa kuwa urithi wa waliozaliwa huru ikaanza kutolewa kwa wale walionunuliwa sokoni. Huo ndio msingi wa elimu ya Kikatoliki katika nchi yetu. Kanisa halimfundishi mtu kwa sababu ni muungwana. Humfundisha kwa kuwa ni sura ya Mungu, apate kuishi kama muungwana.

Walimu wawili wakuu wametuachia mawazo yanayofaa hadi leo. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini, alikuwa mwalimu wa balagha Karthago, Roma na Milano kabla ya kuongoka. Anasimulia katika Maungamo yake kwamba huko Roma wanafunzi walikuwa na mchezo wa kumhama mwalimu kwa pamoja siku ya malipo ilipokaribia. Baada ya kubatizwa mwaka 387 aliandika mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodato juu ya mwalimu. Humo anaeleza kwamba maneno ya mwalimu hayamimini maarifa kichwani mwa mtu kama maji mtungini; humwelekeza mwanafunzi atazame ndani, ambako Kristo ndiye Mwalimu wa kweli.

Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekuwa mwalimu wa teolojia Paris kuanzia mwaka 1256, alimlinganisha mwalimu na mganga. Mganga haumbi afya. Huisaidia nguvu ya mwili ijiponye. Vivyo hivyo mwalimu huisaidia akili ya mwanafunzi ifike yenyewe kwenye ufahamu. Katika mikutano ya mjadala ya siku zile, mwalimu alilazimika kusikiliza hoja zote za kumpinga kabla ya kutoa jibu lake.

4. Vyuo vidogo vya Kanisa nchini mwetu

Kwa muda mrefu elimu ya juu nchini ilikuwa mikononi mwa Serikali. Kuanzia miaka ya 1990 milango ilifunguliwa kwa watu binafsi na madhehebu ya dini. Vyuo vikuu vingi vya Kikatoliki tunavyovijua vilianza kama taasisi ndogo.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino (SAUT), Mwanza, kilitokana na kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, kilichoanzishwa mwaka 1960 chini ya Askofu Joseph Blomjous, na kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Kwake vilizaliwa vyuo vishiriki kadhaa. Kile cha Mwenge, Moshi, kilomita zipatazo 80 kutoka kwetu, kilianza kwa kuandaa walimu, na sasa ni Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge. Kile cha Ruaha, Iringa, nacho kilipata kusimama chenyewe. Huko Morogoro, Wasalvatoriani walianzisha mwaka 1993 taasisi ya falsafa na teolojia. Leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, kwa jina la mwanzilishi wao Mwenyeheri Francis Jordan, na walei husoma humo pamoja na watawa.

Kwa upande wa Afrika Mashariki nzima, maaskofu wa nchi za AMECEA walianzisha jijini Nairobi taasisi ya juu ya kikatoliki mwaka 1984. Mtakatifu Yohane Paulo II aliizindua rasmi tarehe 18 Agosti 1985, nayo ikawa Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki mwaka 1992.

Haitakuwa haki kuwasahau ndugu zetu Walutheri, majirani zetu wa upande wa Usa River. Chuo chao cha teolojia kilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954, na leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kinachofundisha pia sheria, ualimu na muziki. Hapo Tengeru ipo pia Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu. Mfano huo watufundisha jambo: taasisi inaweza kuwa na wanafunzi wachache kwa makusudi.

5. Wanataaluma watatu

Mambo haya yaeleweka vizuri zaidi kupitia maisha ya watu.

Marehemu Padre Charles Nyamiti, aliyezaliwa Tabora mwaka 1931, alifundisha Seminari Kuu ya Kipalapala na baadaye Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 alieleza fumbo la Kristo kwa kutumia wazo la mhenga, wazo ambalo mkulima wa Meru na mchungaji wa Monduli hulijua bila kwenda shule. Kiti chake kilikuwa Nairobi, lakini malighafi ya fikra zake ilitoka katika nyumba za mababu zetu.

Marehemu Padre Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma, aliyefariki mwaka 2022, aliandika kazi inayosomwa duniani kote juu ya maadili ya dini ya asili ya Kiafrika, iliyotoka mwaka 1997. Alifundisha katika vyuo vya Nairobi, na kwa nyakati mbalimbali alifanya pia kazi ya parokia jimboni kwake. Kwake, kuandika na kuungamisha havikuwa kazi mbili zinazogombana.

Wa tatu ni mgeni aliyekaa miongoni mwetu. Padre Eugene Hillman, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifanya umisionari kwa miaka mingi kati ya Wamaasai. Baadaye alikuwa profesa wa masomo ya utu katika Salve Regina, chuo kidogo kilichoanzishwa na Masista wa Huruma mjini Newport, Marekani. Maswali aliyoyapata katika maboma ya Wamaasai, juu ya utamaduni, ndoa na dini za watu, ndiyo aliyoyaandikia vitabu na kuyapeleka mbele ya wanafunzi wa ng'ambo ya bahari. Mtu anaweza kuyapinga baadhi ya majibu yake. Hata hivyo anatukumbusha kwamba nyanda zetu hazikupokea wasomi tu. Nazo zilitoa maswali yaliyowafundisha wasomi.

6. Kanisa linataka nini kwa mwalimu wa chuo kikuu

Hati ya msingi ni Katiba ya Kitume Ex Corde Ecclesiae, iliyotolewa na Mtakatifu Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990, wiki chache kabla hajafika Tanzania katika ziara yake ya Septemba mwaka ule. Pamoja na Sheria za Kanisa (kanuni 807 hadi 814), hati hiyo yaweka mambo yafuatayo:

Hakuna chuo kikuu kinachoweza kujiita Katoliki bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa (kan. 808).

Walimu wateuliwe kwa kuangalia umahiri wa kitaaluma na wa kiualimu, pamoja na usafi wa mafundisho na uadilifu wa maisha (kan. 810). Elimu bila maadili haitoshi. Maadili bila elimu nayo hayatoshi.

Wanaofundisha masomo ya teolojia wawe na idhini ya mamlaka husika ya Kanisa (kan. 812).

Walimu wasio Wakatoliki wanakaribishwa, wakitakiwa kuheshimu utambulisho wa chuo, ila wasiwe wengi kuliko Wakatoliki.

Chuo kiheshimu uhuru wa kitaaluma, yaani haki ya kila mtafiti kufuata njia ya sayansi yake, ndani ya mipaka ya ukweli na manufaa ya wote.

Hoja hii ya mwisho huwatatiza wengi. Wengine hudhani kwamba mwalimu wa chuo cha Kanisa amefungwa mdomo. Sivyo. Mwalimu wa fizikia, historia au uchumi haombi ruhusa kwa Askofu ili afikie hitimisho la utafiti wake. Kanisa linaamini kwamba ukweli wa imani na ukweli wa akili vina chanzo kimoja, kwa hiyo halina sababu ya kuogopa utafiti unaofanywa kwa unyofu. Linachokataa ni uongo unaovaa joho la utafiti.

Tarehe 1 Novemba 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa, na kumweka awe msimamizi wa utume wa elimu pamoja na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika mihadhara aliyoianza Dublin mwaka 1852, Newman alitetea elimu inayoijenga akili ipate kupima mambo na kuyaona kwa uhusiano wake, badala ya kujazwa ufundi wa kazi moja pekee. Hakudharau kazi. Alijua kwamba kazi hubadilika, na kwamba aliyefundishwa kufikiri anaweza kujifunza nyingine.

7. Nguvu na udhaifu wa chuo kidogo

Katika ukumbi wa wanafunzi 600, mwalimu huona vichwa. Katika darasa la 25, huona nyuso. Hujua nani amekuja bila kula, nani ameacha kuhudhuria, nani ana kipaji asichokijua mwenyewe. Husoma insha kwa kalamu mkononi na kuirudisha ikiwa na maoni. Wale tuliopita seminarini tunalifahamu jambo hili. Nakumbuka mwalimu wetu mmoja wa falsafa aliyeulizwa swali na kijana wa mwaka wa kwanza, akanyamaza, kisha akasema hajui. Juma lililofuata alirudi na jibu, akaanza kipindi kwa kumshukuru aliyeuliza. Nimesahau swali lilihusu nini. Kitendo kile sijakisahau.

Lakini udhaifu nao upo. Chuo kidogo hutegemea ada. Wanafunzi wakipungua, mishahara huyumba. Maktaba huwa finyu. Mwalimu mmoja hubebeshwa kozi nyingi asipate muda wa kutafiti, na bila machapisho hapandi daraja. Ndiyo sababu vyuo vidogo vingi vina maprofesa wachache sana, na baadhi ya waliopo ni wastaafu kutoka vyuo vya umma au walimu wa muda wanaokimbia kutoka chuo hiki kwenda kile. Mwaka 2017, kufuatia ukaguzi wa ubora, TCU ilisimamisha udahili katika vyuo kadhaa nchini. Lilikuwa somo chungu: nia njema na jina la mtakatifu langoni havichukui nafasi ya walimu wenye sifa.

8. Dhambi zinazoweza kukaa kitini

Mtume Yakobo anaonya kwamba walimu watapata hukumu iliyo kubwa zaidi. Mamlaka ya kutoa alama ni mamlaka ya kweli juu ya maisha ya kijana, na yanaweza kugeuzwa kuwa mtego.

Rushwa ya ngono. Ni lazima tuitaje kwa jina lake. Mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ili amfaulishe anatenda dhambi nzito dhidi ya usafi, dhidi ya haki na dhidi ya ukweli. Anatenda pia kosa la jinai kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, na simu ya bure ni 113. Mhusika akiwa padre au mtawa, taarifa ipelekwe pia kwa Askofu, kwa kuwa hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, Vos Estis Lux Mundi, inagusa matendo ya ngono yanayofanywa kwa kutumia vibaya mamlaka. Binti aliyetendewa hivyo asiambiwe anyamaze kwa ajili ya heshima ya Kanisa. Heshima ya Kanisa hulindwa kwa kumlinda yeye.

Wizi wa maandiko. Mwanafunzi anayenunua tasnifu, na mwalimu anayeweka jina lake kwenye kazi ya mwanafunzi wake, wote wanavunja amri ya saba na ya nane. Siku hizi programu za akili unde huweza kuandika insha nzima kwa dakika chache. Zinaweza kuwa msaada kwa mwenye kuzitumia kwa uwazi. Kwa anayezificha, cheti kinakuwa ushuhuda wa uongo.

Kiburi. Kuna msomi anayetumia lugha ngumu ili asieleweke. Kuna pia waamini wanaomwogopa msomi wasimwulize kitu. Pande zote mbili zikumbuke kwamba Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, msomi wa Makerere na Edinburgh, alikufa akiitwa Mwalimu, na jina hilo lilimtosha.

9. Haki ya mwalimu mwenyewe

Tukishadai haki kwa mwanafunzi, tudai pia haki kwa anayemfundisha. Tangu Papa Leo XIII alipotoa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Fundisho hilo halisimami langoni mwa taasisi za Kanisa lenyewe. Mhadhiri asiyelipwa kwa miezi, anayeambiwa avumilie kwa sababu kazi yake ni utume, hatendewi utume, anadhulumiwa. Wanafunzi wa Agostino waliokimbia siku ya malipo walikuwa vijana. Sisi watu wazima hatuna udhuru huo.

Hapa waamini wana wajibu. Elimu ya juu ya Kikatoliki haiwezi kuendeshwa kwa ada tu. Jumuiya inayoweza kuchangia harusi inaweza pia kumchangia kijana mmoja mwenye akili asome uzamili, kwa makubaliano kwamba atarudi kufundisha. Hivyo ndivyo maprofesa hupatikana: hupandwa miaka 20 kabla.

10. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada

Kwa mzazi na kijana wanaotafakari juu ya chuo kidogo, haya ndiyo maswali yafaayo:

1. Je, chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na TCU au NACTVET? Hakikisha kwenye mamlaka husika. Usitegemee kipeperushi pekee.
2. Katika idara husika, wangapi wana shahada ya uzamivu, na wangapi ni waajiriwa wa kudumu?
3. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi?
4. Je, kazi za wanafunzi husahihishwa na kurudishwa zikiwa na maoni?
5. Je, mitihani hupitiwa na watahini wa nje?
6. Je, kuna utaratibu wa kupokea malalamiko ya unyanyasaji, na nani anausimamia?
7. Kuna kasisi wa chuo na huduma ya kiroho?

Chuo kinachojibu maswali haya kwa uwazi, hata kama kina profesa mmoja tu, chastahili kuaminiwa kuliko kikubwa kinachoyakwepa.

Hitimisho

Turudi kwa mama aliyekuja na kipeperushi. Jibu la swali lake ni kwamba maprofesa ni muhimu, nao hawapatikani kwa wingi. Lakini jina hilo peke yake halimfundishi mtoto. Mtoto hufundishwa na mtu anayeijua kazi yake, anayeipenda kweli, asiyeuza alama, anayelipwa kwa haki, na anayemtazama mwanafunzi kama mtu aliyekabidhiwa na Mungu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mhadhiri msaidizi wa miaka 28 au profesa wa miaka 65. Tumtafute, tumwombee, na tunapompata tumtunze.

Kijana unayesoma makala hii, huenda Mungu anakuita kwenye kiti hicho. Ni wito halisi, kama ulivyo ule wa padre au wa mzazi. Usiukimbie kwa sababu umeambiwa hauna fedha, wala usiufuate kwa ajili ya joho.

Mtakatifu Agostino, mtakatifu Thoma wa Akwino na mtakatifu John Henry Newman, mtuombee.